Weupe juu ya weupe: kusoma mamografia ya titi lililosongamana

Ripoti ya mamografia, yaani picha ya mionzi ya titi, huwa na mstari mmoja ambao wengi huuruka. Hukaa mwanzoni, kabla ya matokeo yenyewe, na husema titi limo katika kundi gani kati ya manne: A, B, C au D. Mgonjwa hutafuta neno saratani, asipoliona hukunja karatasi na kumshukuru Mungu. Daktari aliyemtuma naye mara nyingi hukimbilia mstari wa mwisho. Ile herufi hubaki palepale, nayo ndiyo inayoeleza mstari wa mwisho uaminiwe kiasi gani.

Kwa macho ya mionzi, titi lina mafuta, lina tezi za maziwa na vijia vyake, na lina nyuzi zinazozishikilia tezi hizo mahali pake. Mafuta huipisha mionzi kwa urahisi, kwa hiyo kwenye picha hutoka meusi au ya kijivu. Tezi na nyuzi huzuia mionzi, hutoka nyeupe. Uvimbe wa saratani huizuia kwa kiwango kinachokaribia hichohicho, nao hutoka mweupe. Ndani ya titi lenye mafuta mengi, uvimbe wa sentimita moja huonekana kama mwezi kwenye usiku wa giza. Ndani ya titi lililosongamana, yaani lenye tezi na nyuzi nyingi, ni punje ya chumvi kwenye bakuli la sukari.

Kundi A ni titi ambalo karibu lote ni mafuta. B lina visiwa vya weupe vilivyotawanyika. C lina weupe mwingi usio sawasawa, wa kutosha kuficha uvimbe mdogo. D ni weupe mtupu, au karibu. Marekani, ambako jambo hili limehesabiwa kwa miaka mingi, kati ya wanawake 10 waliofikia umri wa uchunguzi takriban 1 yumo A, 4 wamo B, 4 wamo C na 1 yumo D. Tunaposema "matiti yaliyosongamana" tunazungumzia C na D kwa pamoja, yaani karibu nusu ya wanawake. Hiyo si kasoro ya mwili, wala si ugonjwa. Mama akiambiwa yumo C asitoke pale kliniki akidhani amepewa habari mbaya kuhusu titi lake. Amepewa habari kuhusu picha yake.

Kosa lililozoeleka, hata miongoni mwa wahudumu wa afya, ni kudhani msongamano hupimwa kwa vidole. Titi gumu linaweza kuwa la kundi B, na titi laini lililolegea likawa D. Ukubwa wa titi hausemi chochote, na maumivu kabla ya hedhi nayo hayasemi. Msongamano hujulikana kwenye picha ya mionzi tu. Kwa hiyo mwanamke ambaye hajawahi kupigwa mamografia hawezi kujua kundi lake, hata daktari amshike kwa uangalifu gani.

Herufi yenyewe ina ulegevu wake. Mpaka wa B na C ndio unaoyumba zaidi: wasomaji wawili wazoefu wanaweza kuitazama picha moja, mmoja akaandika B na mwenzake C. Zamani makundi yaligawanywa kwa asilimia ya weupe, robo kwa robo. Tangu toleo la tano la mwongozo wa chuo cha wataalamu wa radiolojia wa Marekani, mwaka 2013, asilimia ziliondolewa na msomaji akaambiwa ajiulize kama kuna sehemu yoyote ya titi yenye weupe wa kuweza kuficha kitu. Mwanamke aliyekuwa B mwaka juzi na akawa C mwaka huu huenda hajabadilika chochote. Aliyebadilika ni msomaji. Kinachofaa kushtua ni weupe unaozidi upande mmoja tu, au kwenye kona moja ya titi, wakati kwingine kumetulia. Huo si msongamano tena. Hiyo ni dalili ya kufuatiliwa.

Mambo mawili huchanganywa kila siku, na ni vizuri yatenganishwe mapema. La kwanza, msongamano huficha saratani iliyokwisha kuwepo. La pili, msongamano wenyewe huongeza uwezekano wa saratani kuota. John Wolfe, daktari wa radiolojia wa Detroit, aliliandika hili la pili mwaka 1976, na kwa miaka mingi alibishiwa kwamba anachokiona ni lile la kwanza tu. Mwaka 2007 Norman Boyd na wenzake wa Toronto walichapisha ulinganisho wa jozi 1,112 za wanawake, mmoja mwenye saratani na mwenzake asiye nayo. Wenye weupe kwenye asilimia 75 au zaidi ya titi walikuwa na uwezekano mara 4.7 ukilinganisha na wenye weupe chini ya asilimia 10. Kisha wakazigawa saratani hizo kwa namna zilivyogunduliwa. Kwa zile zilizonaswa na uchunguzi wenyewe, tofauti ilikuwa mara 3.5. Kwa zile zilizojitokeza ndani ya miezi 12 baada ya picha kusomwa kuwa safi, ilikuwa mara 17.8.

Pengo kati ya 3.5 na 17.8 ndilo la kukaa nalo. Hata pale uvimbe ulipoonekana, msongamano uliongeza uwezekano. Basi Wolfe hakuota ndoto. Lakini kuruka hadi 17.8 hakuwezi kuelezwa na kuota peke yake. Ni uvimbe uliokuwa mle ndani siku picha iliposomwa kuwa safi. Utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 2003, ulitoa hesabu ya ufichaji huo: mamografia iliona asilimia 87 ya saratani zilizokuwa kwenye matiti ya mafuta matupu, na asilimia 62.9 kwenye matiti yaliyosongamana kabisa. Kati ya saratani 100 za kundi D, 37 zilipita.

Na kabla mtu hajaogopa ile 4.7: inalinganisha ncha na ncha. Wanawake walio chini ya asilimia 10 ni wachache, na uwezekano wao uko chini kuliko wa wengi. Ukimlinganisha mwenye D na mwanamke wa kawaida wa umri wake, tofauti hupungua hadi mara mbili hivi. Ndugu anayemweleza dada yake kwamba "wewe una hatari mara tano" amesoma namba sawasawa na kuitumia vibaya.

Sasa swali zito zaidi. Uvimbe unaoota kwenye titi lililosongamana ni wa tabia gani? Ni mkali zaidi?

Ukiutazama juujuu, ndiyo. Tafiti nyingi zimekuta kwamba uvimbe unaogunduliwa kwenye matiti yaliyosongamana ni mkubwa zaidi kwa wastani, na mara nyingi zaidi kuliko kwingine umekwisha kufika kwenye tezi za kwapani. Ndipo watu huhitimisha kwamba msongamano huzaa saratani kali. Hitimisho hilo linaruka hatua moja. Ukubwa si tabia ya uvimbe. Ukubwa ni muda ambao uvimbe umekaa bila kuonekana. Tuchukue uvimbe wa sentimita 1 uliofichwa na weupe. Ukifika sentimita 2 kwa upana, ujazo wake umekuwa mara nane, maana yake umejiongeza maradufu mara tatu. Tuseme hujiongeza maradufu kila baada ya siku 150: hizo ni siku 450, mwaka na robo, yaani nafasi kati ya picha moja na inayofuata. Na sentimita 2 ndiyo mpaka wa kipimo cha ukubwa kinachoitwa T1 na T2. Uvimbe umevuka mpaka huo bila kubadili tabia yake hata kidogo. Tezi za kwapani nazo hufuata saa hiyohiyo.

Tabia halisi husomwa kwingine: kwenye daraja, yaani seli zinavyoonekana chini ya hadubini, na kwenye vipokezi, yaani kama seli zina vipokezi vya homoni ya estrojeni na projesteroni, na kama zina HER2 nyingi, protini inayochochea seli kukua. Hapa picha si moja. Uchambuzi uliofanywa kwa wauguzi wa Marekani wanaofuatiliwa tangu miaka ya 1970, uliochapishwa mwaka 2011, ulikuta msongamano unahusiana zaidi na uvimbe mkubwa, wa daraja la juu, na usio na vipokezi vya estrojeni. Tafiti nyingine zikakuta uhusiano ulio sawa kwa wenye vipokezi na wasio navyo. Katika data zilizounganishwa kutoka sehemu nyingi, wanawake walio chini ya miaka 55 ndio walioonyesha uhusiano wenye nguvu zaidi na uvimbe usio na vipokezi vya estrojeni. Kwa mtu aliye kazini maana yake ni hii: herufi ya msongamano haikwambii vipokezi. Usimwanzishie mgonjwa tiba, wala usimkatie tamaa, kwa kukisia kutokana na picha. Kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe, kitolewe, kipimwe.

Somo tunalodhani ni kubwa kuliko yote limetoka Sweden, mwaka 2015. Watafiti walichukua saratani zilizojitokeza kati ya uchunguzi mmoja na mwingine, wakazigawa kwa msongamano wa titi. Zile zilizotokea kwenye matiti yasiyosongamana ndizo zilizokuwa na sura kali, ikiwemo kukosa vipokezi vyote vitatu. Ukifikiri, inaingia akilini. Kwenye titi la mafuta hakuna pa kujificha. Ikiwa picha ya Januari ilikuwa nyeusi tupu na Septemba kuna uvimbe unaoshikika, basi uvimbe huo umekua kwa miezi minane, na umekua mbio. Kwenye titi la kundi D, uvimbe wa Septemba huenda ulikuwepo Januari, na huenda hata mwaka wa nyuma, ukikua taratibu nyuma ya pazia. Kwa hiyo mwanamke wa kundi A anayerudi na uvimbe baada ya picha safi asiambiwe "si ulipima juzi tu, mama, subiri". Huyo ndiye wa kuwahishwa.

Na vifo? Mwaka 2012 yalichapishwa matokeo ya wanawake 9,232 wa Marekani waliokuwa wameshapata saratani ya matiti. Ukishazingatia hatua ya ugonjwa na mengineyo, waliokuwa na matiti yaliyosongamana hawakufa kwa saratani hiyo zaidi ya wengine. Waliokuwa na hali mbaya zaidi ni wanawake wanene wenye matiti ya mafuta, na wenye matiti ya mafuta ambao uvimbe wao ulikuwa sentimita 2 au zaidi. Herufi A, basi, si ngao. Hurahisisha picha, haimlindi mtu.

Aina ya saratani huamua pia msongamano utaificha kiasi gani. Saratani ambayo bado imo ndani ya vijia vya maziwa mara nyingi huacha chembe ndogo za chokaa, na chokaa ni nyeupe kupita tishu yoyote, hivyo huonekana hata kwenye D, mradi picha haikutikisika. Saratani ya vishada vya tezi za maziwa, inayoitwa lobula, ambayo ni kama 1 kati ya kila 10 zilizokwisha kupenya, ni shida ya kweli: seli zake hazina gundi ya kuzishikanisha, hutembea moja nyuma ya nyingine kama siafu katikati ya nyuzi, na hazitengenezi donge hadi zimechelewa. Kwenye picha huonekana kama nyuzi zilizovutwa kuelekea sehemu moja, au huonekana kwenye picha moja tu kati ya mbili za titi hilo. Na ile isiyo na vipokezi vyote vitatu hudanganya kwa njia nyingine: huwa ya mviringo, yenye kingo laini, ikafanana na kifuko cha maji au uvimbe wa kawaida wa wasichana. Msomaji anayetafuta uvimbe wenye kingo za miiba tu ataipita.

Kuna ufichaji wa titi, na kuna ufichaji wa uzembe. Huu wa pili unaweza kuondolewa leo bila mashine mpya. Titi lisipobanwa vya kutosha, tishu hulaliana, weupe hujilundika, na B huonekana kama C. Kubana kunauma kwa sekunde chache, lakini hutandaza tishu, huzuia kutikisika na hupunguza kiasi cha mionzi. Mhudumu amweleze mama kabla, abane polepole, na asimkemee anapokunja uso. Kila titi hupigwa picha mbili: moja toka juu kwenda chini, nyingine ya mshazari toka kwapani. Katika ile ya mshazari, msuli wa kifua uonekane ukishuka hadi usawa wa chuchu, na mkunjo wa chini ya titi uwe wazi. Pimeni umbali wa kutoka chuchu hadi nyuma katika picha zote mbili. Ukitofautiana zaidi ya sentimita 1, kuna tishu iliyoachwa nje ya picha, na tishu ya nyuma karibu na kwapa ndiko saratani nyingi huota. Manukato ya kwapani yenye alumini yafutwe. Huacha vidoa vinavyofanana na chokaa. Kwa anayeendelea kupata hedhi, wiki moja baada ya kuanza hedhi ndiyo nzuri: titi haliumi sana, na weupe umepungua kidogo.

Mashine za kisasa zinazopiga titi kwa pembe nyingi na kulikata kwa vipande vya milimita moja husaidia, hasa B na C. Kwenye D msaada ni mdogo, kwa sababu pasipo na mafuta hata kipande chembamba hubaki cheupe.

Kwa wanawake wengi wa Afrika Mashariki kifaa cha kweli ni ultrasaundi. Wengi hugunduliwa kabla ya miaka 50, umri ambao titi bado lina tezi nyingi, na hakuna mpango wa taifa unaomwandikia kila mwanamke barua aje kupigwa mamografia. Ultrasaundi hugeuza rangi kwa namna inayotufaa: tezi hutoka nyeupe, mafuta kijivu, na saratani nyeusi. Weupe uliokuwa adui sasa ni ukuta ambao doa jeusi hujichora juu yake.

Lakini ifanywe ipasavyo. Kichwa cha mashine kiwe kile bapa cha masafa ya juu, megahezi 12 au zaidi. Kile cha mviringo kinachotumika kutazamia mimba kina masafa ya chini, na uvimbe wa milimita 8 hupotea ndani yake. Ripoti iliyotokana na kichwa hicho haifai kumtuliza mtu. Mama alale chali, mkono juu ya kichwa, mto uwekwe chini ya bega la upande unaopimwa ili titi litandazike. Kina kirekebishwe hadi msuli wa kifua uonekane sehemu ya chini ya kioo, si katikati. Mng'ao urekebishwe hadi mafuta yawe kijivu cha kati: ukizidi, kifuko cha maji huonekana kama donge, ukipungua, donge huonekana kama maji. Titi zima lipitiwe kwa pande mbili, nyuma ya chuchu kichwa kilazwe kwa pembe, kisha kwapa. Kinachoharibu zaidi ni kupima pale tu mama alipoonyesha kidole. Matiti mawili kwa chini ya dakika 15 ni haraka mno. Doa lililo refu kwenda chini kuliko lilivyo pana, lenye kingo za kuchongoka, linaloacha kivuli nyuma yake, lichukuliwe kinyama. Na lile la duara lenye mwanga nyuma lisidharauliwe ikiwa ndani si maji matupu au kama ni jipya kwa mwanamke aliyepita miaka 35.

Japani walilipima jambo hili kwa wanawake 72,998 wa miaka 40 hadi 49. Mamografia peke yake iliona asilimia 77 ya saratani. Pamoja na ultrasaundi, asilimia 91.1. Saratani zilizojitokeza baada ya picha safi zilikuwa 35 kwa mamografia peke yake, na 18 palipoongezwa ultrasaundi. Bei yake ni wanawake zaidi kuitwa tena bila kuwa na ugonjwa. Na ultrasaundi haioni vizuri chembe za chokaa, hivyo anayemwambia mama "achana na mamografia, hii inatosha" anafungua dirisha moja kwa kuziba jingine.

MRI, mashine ya picha inayotumia sumaku, huona vingine kabisa. Haijali weupe, hutazama damu, kwa dawa ya gadolinia inayodungwa mshipani, kwa kuwa uvimbe hujijengea mishipa mingi inayovuja. Uholanzi walichukua wanawake 40,373 wa miaka 50 hadi 75 wenye kundi D ambao mamografia zao zilikuwa safi, wakawaalika 8,061 kwa MRI. Waliokubali walikuwa asilimia 59. Saratani zilizojitokeza baadaye kabla ya uchunguzi uliofuata zilikuwa 2.5 kwa kila 1,000 kwa walioalikwa, na 5.0 kwa wasioalikwa. Kwa kila wanawake 1,000 waliopigwa MRI mara ya kwanza zilipatikana saratani 16.5, na karibu 80 waliitwa tena bila saratani. Mara ya pili, miaka miwili baadaye, zilikuwa 5.8, na walioitwa bure wakashuka hadi 26. Matokeo hayo, yaliyoanza kutoka 2019, ndiyo yanayoashiria kwamba uvimbe uliokuwa ukiitwa mkali kwenye D ulikuwa, kwa sehemu kubwa, uvimbe uliochelewa kuonekana. Bado hakuna jaribio lililofikia kuonyesha vifo vikipungua.

Uingereza nao mwaka 2025 walitoa matokeo ya wanawake 9,361 wenye matiti yaliyosongamana na picha safi. MRI fupi ilipata saratani 17.4 kwa kila 1,000, mamografia yenye dawa ya madini ya joto 19.2, na ultrasaundi inayojiendesha yenyewe 4.2. Hiyo ya katikati inastahili kutazamwa kwa makini na hospitali zetu: hutumia mashine ya mamografia iliyoongezewa uwezo, haina haja ya chumba cha MRI. Lakini dawa hiyo yaweza kuleta mzio, na figo zipimwe kwanza kwa mwenye kisukari au presha.

Palipobaki ni mahali ambapo tabia za uvimbe hupotea kimyakimya: kati ya sindano na maabara. Kinyama kichukuliwe kwa sindano nene ya namba 14, vipande kadhaa, kwa kuongozwa na ultrasaundi. Kiingie kwenye dawa ya kuhifadhi, fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa asidi yake, ndani ya saa moja, na fomalini iwe mara kumi ya ujazo wa kinyama. Kikae humo si chini ya saa 6, si zaidi ya saa 72. Kinyama kilichowekwa kwenye maji ya chumvi, au kilichosafirishwa kwa basi toka mkoani siku tano ndani ya kichupa cha fomalini isiyosawazishwa, kinaweza kusomeka hakina vipokezi vya estrojeni ilhali vilikuwemo. Mama huyo anaandikwa kuwa na saratani isiyo na vipokezi, anakosa tamoksifeni, kidonge cha bei nafuu cha kuzuia estrojeni, cha kumeza kwa miaka, na kwenye takwimu anahesabiwa miongoni mwa "saratani kali za matiti yaliyosongamana". Andikeni kwenye fomu saa kinyama kilipotoka mwilini na saa kilipoingia fomalini. Ripoti ikitoka, asilimia ya vipokezi iandikwe kwa namba: 1 au zaidi ni chanya. HER2 ikisomwa 2+ haijajibiwa bado, inahitaji kipimo cha pili.

Kuhusu tamoksifeni kuna jambo jingine. Hupunguza msongamano, na katika jaribio la Uingereza lililochapishwa 2011, wanawake wenye hatari kubwa walioitumia kujikinga, na ambao msongamano wao ulishuka kwa asilimia 10 au zaidi, uwezekano wao wa kupata saratani ulipungua kwa asilimia 63. Ambao haukushuka kiasi hicho hawakuonekana kunufaika. Homoni za kukoma hedhi zenye estrojeni na projestojeni kwa pamoja hufanya kinyume, huongeza weupe. Anayezitumia amwambie msomaji wa picha. Unene nao hucheza na herufi: ukiongezeka kilo 15 mafuta ya titi huongezeka na unaweza kushuka toka C hadi B, bila tishu yako ya tezi kupungua hata gramu.

Marekani, Nancy Cappello wa Connecticut aligunduliwa saratani iliyokwisha kufika tezi za kwapani mwaka 2004, wiki chache baada ya mamografia iliyosomwa safi. Hakuwa amewahi kuambiwa kwamba matiti yake yamesongamana. Alipigania sheria, jimbo lake likaipitisha 2009, na tangu tarehe 10 Septemba 2024 kila kituo cha mamografia nchini humo hulazimika kumwambia mwanamke kama matiti yake yamesongamana au la. Hapa kwetu mama aulize mwenyewe, pale dirishani anapochukua majibu: "Daktari, niko kundi gani?" Akijibiwa C au D, swali la pili ni kama ultrasaundi ya matiti yote imefanyika. Na kama kuna uvimbe anaoushika, herufi haina kazi: picha safi haifuti kilicho chini ya vidole, kinyama kitolewe.

Picha zenyewe aondoke nazo, si ripoti tu. Uvimbe kwenye titi lililosongamana mara nyingi hujulikana kwa mabadiliko kuliko kwa sura, na mabadiliko hayaonekani bila picha ya jana. Diski ifunguliwe kwenye kompyuta ya kituo kabla hajaondoka kuhakikisha inasomeka, iandikwe tarehe kwa kalamu isiyofutika, ihifadhiwe pakavu pamoja na cheti cha kuzaliwa.